Mkiambiwa “mrudisheni nyumbani”, ulizeni na dawa gani

Kuna maneno ambayo familia nyingi zimeyasikia zikiwa zimesimama kwenye korido ya wodi, jioni, muda wa kuona wagonjwa ukikaribia kwisha: “Kwa hapa tumefika mwisho. Mrudisheni mzee nyumbani.” Wanaoyasikia huyaelewa kwa namna moja tu. Kaka mkubwa anatoka nje kupiga simu kijijini. Dada anakusanya kanga, chupa ya chai na sahani ndani ya ndoo. Gari la kukodi linatafutwa, mzee analazwa siti ya nyuma kichwa kikiwa mapajani mwa binti yake, na ndani ya ile bahasha kubwa ya picha za eksirei mna karatasi ya ruhusa na paketi moja ya panadoli.

Kumrudisha nyumbani si kosa. Wazee wengi ukiwauliza watakwambia bila kusita kwamba wangependa kufia kitandani kwao, wakisikia wajukuu wanagombana uani na adhana au kengele waliyoizoea, kuliko chini ya taa ya wodi isiyozimwa usiku kucha. Kosa liko kwenye hiyo panadoli. Saratani iliyoingia kwenye mifupa ukiitibu kwa panadoli peke yake, unazima moto wa makuti kwa kikombe cha chai.

Kinachofika mwisho pale ni jambo moja: matibabu ya kuuondoa ugonjwa. Upasuaji hauwezekani tena, mionzi imeshatolewa, figo hazirudi, moyo umechoka. Lakini maumivu yana matibabu yake. Pumzi inayobana ina matibabu yake, vivyo hivyo kutapika, kufunga choo, kukosa usingizi, kidonda kinachonuka, na ile hofu inayomjia mgonjwa saa tisa za usiku nyumba nzima ikiwa imelala. Fani inayoshughulika na hayo yote inaitwa tiba shufaa, na Kenya utasikia pia huduma shufaa. Ina madaktari wake, wauguzi wake, dozi zake na vitabu vyake, kama ilivyo fani ya macho au ya uzazi.

Jina lenyewe limewatatiza watu. Waislamu tunalijua shufaa kwa maana ya kuombewa na kusimamiwa, na kila mtu anakumbuka shufaa ya Mtume Siku ya Kiyama. Kwa hiyo mtu akiambiwa baba yake amehamishiwa kitengo cha shufaa, anahisi mzee ameshafika ng’ambo. Mimi naona aliyelichagua neno hakukosea sana. Mgonjwa asiye na nguvu ya kujisemea anapata mtu wa kumsemea mbele ya wenye dawa.

Si lazima ianze siku ya mwisho

Kosa la pili, ambalo hata baadhi ya madaktari wanalo, ni kudhani tiba hii huanza pale nyingine zote zinapokoma. Kwamba ni foleni: kwanza kemo, yaani dawa za kuua saratani, kisha mionzi, kisha kukata tamaa, kisha shufaa. Mwaka 2010 hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, ilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Wote walipata matibabu ya kawaida ya saratani. Nusu yao, tangu walipogunduliwa tu, waliongezewa timu ya shufaa. Hao wa nusu hiyo walikuwa na hali bora ya maisha, wachache zaidi kati yao walizama katika huzuni, na ingawa walipewa matibabu makali machache zaidi karibu na kufa, waliishi kwa wastani wa kati miezi 11.6, wenzao 8.9. Hakuna aliyetegemea hilo la kuishi zaidi. Watafiti walikuwa wanatafuta nafuu tu.

Kwa hiyo tiba hizi mbili huenda pamoja. Mama anaendelea na kemo yake, na papo hapo kuna mtu anayeshughulika na vidonda vya mdomo vilivyoletwa na kemo hiyo. Mwanzoni sehemu kubwa ya kazi ni kupambana na ugonjwa na sehemu ndogo ni kutuliza. Miezi inavyokwenda, sehemu hizo hupishana.

Wala si ya saratani peke yake. Mzee ambaye moyo wake umetanuka, analala amekaa kwenye kiti kwa kuwa akinyoosha mgongo anazama kwenye maji ya mapafu yake mwenyewe, anaihitaji. Aliyepigwa kiharusi akapoteza sauti anaihitaji, na mwenye figo zilizofeli ambaye familia imeshauza ng’ombe wa mwisho kwa ajili ya kusafisha damu pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanaihitaji huduma hii, na wanaoipata ni kama asilimia 14. Waliobaki wengi ni wa nchi kama zetu.

Asili yake ya kisasa ni London, mwaka 1967, pale Cicely Saunders alipofungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasioponyeka, ya St Christopher’s. Alikuwa ameanza kama nesi, akawa ofisa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima, na nadhani ndiyo maana aliona kitu ambacho daktari aliyepitia njia moja asingekiona. Alisema maumivu ya mgonjwa wa aina hii yana pande nne: mwili, akili, watu wake na roho yake, na ukitibu upande mmoja nyingine zinaurudisha. Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kilwa mwenye saratani ya mfupa wa paja. Mguu unamuuma, hilo linaonekana. Lakini ana deni la mashine ya boti, hajasemezana na mdogo wake tangu ugomvi wa shamba la minazi, na kila usiku anajiuliza kama maradhi haya ni adhabu. Muongeze dozi utakavyo. Siku mdogo wake atakapoingia kwa hodi, akakaa ukingoni mwa kitanda, huenda dozi ileile ya jana ikamtosha.

Afrika, hospisi ya kwanza ilianzishwa Zimbabwe mwaka 1979. Nairobi Hospice ikafuata mwaka 1990, jirani na Hospitali ya Kenyatta, na mwaka 1993 ikaja Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Hiyo ya Kampala ndiyo iliyogeuza hesabu ya dawa, na hapo panahitaji kukaa kidogo.

Chupa ya mofini

Mwanzilishi wa hospisi ya Kampala, Dokta Anne Merriman, Mwingereza wa Liverpool aliyewahi kuwa mtawa, alikuja na kanuni nyepesi aliyoijaribu alipokuwa akifanya kazi Singapore: unanunua unga wa mofini, dawa kali ya maumivu, unauchanganya na maji safi na kihifadhi, unatia rangi ili nguvu tofauti zisichanganywe, unajaza chupa. Basi. Hakuna sindano wala mashine, na mgonjwa hahitaji kitanda cha hospitali. Mofini haina hataza, yaani hakuna mwenye haki ya kuitengeneza peke yake, na katika umbo hilo ni dawa ya bei rahisi. Serikali ya Uganda ikakubali kuitoa bure, na mwaka 2004 ikabadilisha kanuni ili wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa kazi hii waweze kuiandika wenyewe, bila kumsubiri daktari ambaye pengine yuko wilaya nyingine. Nchi nyingi tajiri zilikuwa bado hazijawapa wauguzi wao ruhusa ya namna hiyo.

Namna ya kuitumia imefupishwa tangu mwaka 1986, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu ya saratani: kwa mdomo, kwa saa, kwa ngazi. Ngazi maana yake huanzi juu. Maumivu madogo, panadoli au jamaa zake. Ya kati, kodeini au tramado. Makali, mofini, bila kuona haya. Wataalamu wa leo wameilegeza ngazi hiyo, na mwenye maumivu makali hatakiwi kupandishwa kidato kwa kidato huku analia.

“Kwa saa” ndipo familia nyingi zinapokosea. Desturi yetu ni kumpa mtu dawa ya maumivu anapoumwa, na mgonjwa mwenyewe hujikaza mpaka ashindwe. Mofini ya maji hukaa mwilini kama saa nne. Ukisubiri maumivu yarudi ndipo utoe kijiko, kila dozi inaanza vita upya, na unaishia kutumia dawa nyingi kwa nafuu ndogo. Kwa hiyo hutolewa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Ile ya saa nne usiku mara nyingi huandikwa maradufu, ili mgonjwa alale hadi alfajiri na anayemuuguza naye apate usingizi. Maumivu yakichomoza katikati, kuna dozi ya ziada ambayo daktari huiandika mapema. Mzee dhaifu anaweza kuanzishwa na miligramu 2.5 tu, halafu dozi inapandishwa taratibu mpaka maumivu yatulie. Mwenye figo mbovu anahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu mabaki ya dawa hayatoki upesi, hivyo dozi hupunguzwa au saa hurefushwa.

Sasa hofu. Watu wa pwani wana sababu ya kuogopa dawa za jamii hii. Tanga, Mombasa, Zanzibar, kila mtaa una mama aliyempoteza mtoto kwa unga, na heroini na mofini ni ndugu wa tumbo moja. Mtu akisikia babu yake anapewa mofini, picha inayomjia ni teja aliyeinama kituoni. Lakini uteja ni mtu kuisaka dawa ili imtoe duniani, hata kama inamharibia kila kitu. Mgonjwa wa saratani anaitumia ili arudi duniani: aweze kukaa, kula vijiko viwili vya uji, kumtambua aliyeingia. Mwili wake utaizoea, ndiyo, na ikisimamishwa ghafla atatetemeka na kutoka jasho, kwa hiyo hupunguzwa polepole kama ilivyo kwa dawa nyingine nyingi. Kuzoea huko kwa mwili ni kitu kimoja. Uteja ni kitu kingine.

Hofu ya pili ni kwamba mofini inaua. Dozi kubwa ya ghafla kwa mtu asiyeizoea inaweza kusimamisha pumzi, hilo ni kweli na ndiyo maana inafungiwa kabatini. Dozi iliyopimwa na kupandishwa taratibu haina tabia hiyo, na kwa mtu anayehemea juu kwa sababu ya mapafu au moyo, mofini kidogo humtuliza pumzi. Kinachowapotosha watu ni kwamba mara nyingi dawa hii huletwa siku mbili kabla ya kifo, mgonjwa akiwa ameshaisha. Anakunywa, anafariki, na kijiko kinabeba lawama. Ingekuja miezi sita mapema, mtaa mzima ungemwona mtu akinywa mofini na kwenda sokoni.

Ya tatu: tuihifadhi, tukiitumia sasa haitafanya kazi baadaye. Mofini haina kilele. Maumivu yakiongezeka dozi huongezwa.

Madhara ambayo kweli yapo hayatajwi sana. Siku mbili tatu za kwanza kuna usingizi na kichefuchefu, kisha hupungua. Kufunga choo hakupungui kamwe, na mzee aliyefunga choo wiki nzima anaweza kuteseka kuliko alivyoteswa na uvimbe. Ndiyo maana anayeandika mofini bila kuandika dawa ya kulainisha choo ameandika nusu. Waganda, pale dawa hiyo isipopatikana, wamekuwa wakitumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Huo ni ujanja wa nyumbani uliokubaliwa kliniki, nao umenifurahisha.

Kwa nini basi chupa hii ni adimu? Kila nchi hupeleka makadirio yake ya mwaka kwenye bodi ya kimataifa ya dawa za kulevya iliyoko Vienna, kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1961. Nchi isiyoandika maumivu ya watu wake huomba kidogo, hupata kidogo, na mwaka unaofuata huonyesha kwamba ilitumia kidogo. Kamisheni ya jarida la Lancet ilipopiga hesabu mwaka 2017, ilikuta kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Yaani kilo mia moja, magunia mawili ya sukari.

Mfuko wa dawa wa bibi

Mzee ana jambo lake la pekee hata kama hana saratani. Mwili wa miaka 78 si mwili wa miaka 40 wenye mikunjo. Figo zimepungua kasi, misuli imepungua, mafuta yameongezeka, maji yamepungua, na dawa iliyokaa saa sita kwa kijana inaweza kukaa siku nzima kwake. Halafu huenda kliniki tatu: ya presha, ya sukari na ya miguu. Kila moja inaandika ya kwake. Nenda kwa bibi yako leo umwombe akuonyeshe mfuko wake wa dawa, ule anaoutundika kwenye msumari au kuuweka chini ya mto. Utahesabu aina saba au nane, mbili zina majina tofauti lakini ni dawa moja.

Mlolongo huu ni wa kawaida kabisa. Bibi anaandikiwa amlodipini ya presha. Ni dawa nzuri, lakini baadhi ya watu huwavimbisha miguu. Anakwenda kwingine kulalamikia uvimbe, anapewa Lasix ya kukojoza. Sasa usiku anaamka mara nne, choo kiko nje, sakafu ina umande. Anaanguka, nyonga inavunjika, hainuki tena. Kwenye msiba watasema bibi aliteleza. Hakuna atakayesema kwamba dawa ya pili ilikuwa ya kutibu dawa ya kwanza.

Diklofenaki ni mkosaji mwingine. Inauzwa kama pipi, inatuliza magoti vizuri, na ikitumiwa kila siku na mzee inachubua tumbo, inapandisha presha na kuzimaliza figo. Piriton na Valium anazopewa apate usingizi humlevya na kumwangusha. Ushauri wa maana kuliko wote kwa mtoto anayempeleka mzazi kliniki ni kubeba mfuko mzima, pamoja na mitishamba, aumwage mezani kwa daktari na kuuliza ipi iondolewe. Madaktari wamezoea kuulizwa ipi iongezwe.

Jambo jingine linalopotea mikononi mwetu ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu, Jumatano anaongea na marehemu mkewe, halali, anavua nguo. Jirani mmoja anasema ni uzee, mwingine anasema amechezewa. Mara nyingi ni maambukizi kwenye njia ya mkojo, nimonia bila homa, malaria, sukari iliyoshuka, maji mwilini yamepungua, choo kimeziba, au dawa mpya. Kinachoanza kwa siku mbili ni dharura na aghalabu kinatibika. Kinachokuja kwa miaka miwili, kidogokidogo, akianza kusahau sufuria motoni kisha majina ya watoto, ndicho kile kilichoitwa uzee, nacho ni ugonjwa wa ubongo. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopima wazee wa miaka 70 na zaidi, walikuta unawapata kama 6 katika kila 100. Kilifi wazee wameuawa kwa kudaiwa uchawi, na najiuliza wangapi kati yao walikuwa wakizungumza peke yao gizani kwa sababu ubongo ulikuwa umewasaliti.

Mwaka 1935 daktari mmoja wa London, Marjory Warren, alikabidhiwa wodi za maskini zenye wagonjwa 714, wengi wakiwa wazee waliohesabiwa kuwa wa kulala tu. Aliwapima mmoja mmoja, akawaamsha, akawapa magongo na miwani, akapaka kuta rangi. Wengi walitembea, na baadhi yao walirudi makwao. Tiba ya wazee kama fani ilianzia hapo, kwa mtu kuuliza kama kweli hawa hawawezi.

Nani amwambie

Familia zetu hukutana nje ya wodi na kukubaliana: mzee asiambiwe. Baba mdogo ndiye msemaji, mtoto aliye Muscat au Minnesota anatuma pesa na amri kwa WhatsApp, na daktari anapewa ishara ya jicho. Sababu ni upendo, kwamba akijua atakata tamaa. Kwa uzoefu wa watu wa hospisi, wagonjwa wengi hujua. Wanaona nyuso. Wanaona wageni wanaokuja kutoka mbali bila sikukuu. Kinachobaki ni nyumba ambayo kila mmoja anajua na kila mmoja anaigiza, na mgonjwa ndiye mpweke kuliko wote kwa kuwa hana wa kumwambia kwamba anaogopa.

Sidhani kwamba suluhisho ni kumsomea mtu majibu ya maabara kama hukumu. Kuna wazee ambao kweli hawataki, na hiyo ni haki yao. Wauguzi wazoefu huanza kwa swali: “Baba, kuhusu huu ugonjwa, ungependa tukueleze kila kitu, au tuzungumze na nani?” Mzee mmoja atasema zungumzeni na mwanangu. Mwingine atasema nikalisheni. Na akishakaa, atataja mambo ambayo hamkuyajua: nani anamdai, shamba la Handeni liandikwe kwa nani, anataka kuzikwa upande gani wa ua, na kwamba kuna mtoto mmoja wa nje anayemtaka aje. Wosia unaoandikwa siku hiyo huziba kesi za miaka kumi.

Siku hiyohiyo ndiyo ya kuuliza kuhusu mashine. Chumba cha wagonjwa mahututi kimeokoa wengi, hasa wale ambao ugonjwa wao una njia ya kutokea: ajali, nimonia, sumu. Mtu aliyedhoofika kwa saratani iliyoenea, moyo ukisimama, kukandamizwa kifua kutamvunja mbavu na ni nadra kumrudisha. Familia ambayo haikuzungumza mapema huamua hilo saa nane usiku mbele ya kaunta ya malipo, na hapo hakuna anayethubutu kusema “basi”, kwa kuwa atakayesema ndiye atakayeonekana kamuua baba. Mzee mwenyewe akiwa ameshasema, mzigo huo unawatoka watoto mabegani.

Siku zenyewe zikifika

Atakataa chakula. Hili linawaumiza akina mama kuliko yote, kwani kulisha ndiko kupenda, na utaona uji unasukumwa mdomoni huku mgonjwa ameng’ata meno. Mwili unaofunga kazi zake hauombi chakula. Uji unaolazimishwa huingia mapafuni. Kinachomfaa ni pamba iliyoloweshwa maji kwenye midomo, mafuta kidogo yasipasuke, na kijiko cha maji pale tu anapoweza kumeza, hata yakiwa ya Zamzam.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, na mito isaidie magoti na visigino, kwa maana kidonda cha mgongo huanza kwa wekundu wa siku moja. Uvimbe uliopasuka na kunuka, kama inavyotokea kwa saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi, hutulizwa harufu kwa vidonge vya metronidazo vilivyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda, baada ya kukisafisha kwa maji ya chumvi. Ni dawa ya kila duka. Nyumba ambayo wageni walikuwa hawakai inaweza kurudi kukalika ndani ya siku chache, na kwa mgonjwa hilo ni kubwa kuliko maelezo yangu. Pumzi ya mwisho yenye mkoromo inatisha wanaosikiliza, yeye mwenyewe aghalabu hayupo tena wa kuisikia. Mlazeni ubavu.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa kuwa karatasi na kaunta hazifanani. Tanzania imekuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, inayoahidi matibabu bure kwa wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Mzee anapita dirishani haraka, kisha anaambiwa dawa akanunue nje. Zanzibar ilianza pensheni jamii ya wa miaka 70 mwaka 2016. Kenya ina Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo hazilipi hospitali, ila zinalipa nauli ya kwenda kujaza chupa.

Na chupa ijazwe wapi? Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Arusha, hospitali ya Selian ya Kilutheri ina timu inayowafuata wagonjwa majumbani. Muheza, Tanga, kuna huduma ya hospisi. Mombasa, Nyeri na Eldoret zina hospisi zao. Kwingineko, muulize mganga mkuu wa hospitali ya wilaya kwa jina la dawa, “mofini ya maji”, maana ukiuliza jina la fani pengine hatakuelewa. Muulize kabla ya kusaini karatasi ya ruhusa. Muulize pia namba ya simu ya mtu wa kupigiwa usiku.

Mzee akishafariki, itabaki mofini kidogo. Isimwagwe, wala isipewe jirani mwenye mgongo, wala isiachwe kabatini penye vijana. Inarudishwa pale ilipotoka. Kwenye timu nzuri muuguzi huja mwenyewe kuichukua, siku ya tatu au ya nne, turubai likiwa bado limefungwa. Huvua viatu na kukaa kwenye mkeka na akina mama, hunywa kahawa, na humuuliza mjane kama amelala. Hilo nalo limo kwenye kazi yake, na huliandika kwenye daftari baada ya kuandika kwamba chupa imepokelewa.